Swali la Asubuhi Kitandani kwa Nkwabi

Siku mliponiaga mlinipa jiko la gesi, mkanifunga khanga mbili mabegani, na katibu akasoma risala kwamba nina uzoefu wa kupigiwa mfano. Uzoefu nilionao kwa hakika ni wa kusimama mbele ya kitanda cha mtoto nisielewe kinachoendelea, na huo ninao mwingi, naweza kuwagawia wote mkashiba. Kwa hiyo sitawaandikia nilipanda cheo lini, mambo ambayo hata mume wangu ameyasahau. Nyie mnaobaki wodi ya watoto nawaandikia habari za matumbo, hasa matumbo ya watoto waliotoka kupasuliwa, kwa sababu ndiyo yaliyonisumbua kuliko kitu kingine chochote nilichokutana nacho kazini.

Nilianza mwanzoni mwa miaka ya tisini. Mpanda ilikuwa wilaya ndani ya mkoa wa Rukwa, na neno Katavi kwetu lilikuwa la mbuga yenye viboko, si la mkoa. Hospitali yetu ilikuwa ndogo, wodi ya watoto ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye bati juu, na thieta ilikuwa upande wa pili wa uwanja, kwa hiyo mtoto akitoka kupasuliwa alivushwa juani amefunikwa shuka usoni. Siku ya kwanza nilifika nimepiga pasi gauni mpaka likawa linaweza kusimama lenyewe. Msimamizi wa wodi, Sista Apolonia, alikuwa Mfipa mfupi mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto. Hakunisalimia. Alinipa futi ya fundi cherehani, ile laini ya kujikunja, akanionyesha kwa kidole kitanda cha dirishani.

"Kapime tumbo la yule."

"Nipime wapi, Sista?"

"Kwenye tumbo, Filomena. Ungetaka kupima wapi?"

Nilipima, akaja akafuta nilichoandika. Akachukua kalamu ya wino akamchora mtoto kialama kila upande wa kitovu, akasema futi ipite hapo, asubuhi na jioni, leo na kesho, awe amepima yeye au mimi au mesenja. Wewe ukipima juu ya kitovu na mwenzako akapima chini yake, mtoto atakuwa amevimba kwa ujinga wetu. Hilo nililielewa mara moja, na ni moja ya mambo machache ambayo hayajawahi kunichanganya.

Mengine yote yalinichanganya. Utumbo wa mtoto ukishashikwashikwa na mikono ya daktari, unagoma. Unalala tu humo ndani, haupitishi chakula, haupitishi maji, na tumbo linajaa hewa mpaka ngozi inang'aa. Utagoma mpaka lini, hakuna anayejua. Ukimpa mtoto uji kabla haujaamka, atatapika, atapaliwa, au pale aliposhonwa patafumuka. Ukichelewa kumpa, atakonda mikononi mwako, kwa sababu dripu zetu zilikuwa maji yenye chumvi na sukari kidogo, na hakuna mtoto aliyewahi kunenepa kwa dripu. Kazi yetu ilikuwa kubahatisha siku ambayo utumbo umeamka. Tulikuwa na futi. Tulikuwa na mpira mwembamba uliopitishwa puani mpaka tumboni, ukimwaga kwenye chupa iliyofungwa kitandani, tukitazama rangi. Kijani cha mlenda ni kibaya, kikififia ni heri. Na tulikuwa na stetoskopu moja ya wodi nzima, ya kusikiliza kama utumbo unanguruma, ila mvua ikinyesha juu ya bati za Mpanda, stetoskopu ni mkufu tu.

Lakini ushahidi ambao Sista Apolonia aliuamini kuliko yote ulikuwa upepo. Mtoto akijamba, njia iko wazi kuanzia juu mpaka chini, mpe maji kijiko kimoja kimoja. Hajajamba, usimguse. Mimi nililelewa vizuri nyumbani, neno hilo sikuwa naweza kulitamka mbele ya watu. Siku zangu za mwanzo nilimwuliza mama mmoja wa Mishamo kama mwanawe ametoa hewa, akanijibu ndiyo, anapumua vizuri tu, tena tangu jana. Apolonia alikuwa nyuma yangu. Alipaza sauti mpaka wodi ya wanaume wakasikia: "Amejamba au hajajamba?" Kuanzia hapo ndivyo tulivyouliza. Asubuhi, kitanda hadi kitanda, mbele ya yeyote aliyekuwepo, kwa jina la mtoto.

Msidhani sheria hiyo ilikuwa na majibu ya kila kitu. Kulikuwa na binti wa Magamba aliyeiba kipande cha ugali kwa jirani siku ya pili tu baada ya kupasuliwa, akakila chote chini ya shuka, na akapona kuliko wote. Kulikuwa na mwingine tuliyemfanyia kila kitu kwa utaratibu, tukasubiri, tukasikiliza, akajamba vizuri, tukampa maji kidogo, na kesho yake akafa. Nilimwuliza Apolonia kwa nini. Alisema hajui, kisha akaniambia nikasugue mabeseni. Nilimchukia siku ile. Sasa nadhani mabeseni ndiyo kitu pekee alichokuwa nacho cha kunipa.

Nilikuwa nimeshaizoea kazi, au nilidhani hivyo, alipoletwa Nkwabi. Ilikuwa mwisho wa kiangazi, wakati ule vumbi linaingia mpaka ndani ya kopo la chumvi. Walitoka ndani kabisa upande wa Ugalla, kwa wafugaji wa Kisukuma waliohamia na ng'ombe wao kutoka kaskazini. Walimbeba kwa mkokoteni wa ng'ombe hadi barabarani, wakapata lori la mbao. Mtoto wa miaka kama sita, homa ya siku nyingi, tumbo gumu kama ubao. Dokta Mapunda, ambaye alikuwa daktari wetu wa upasuaji na wa kila kitu kingine, aliweka kiganja tumboni na mtoto hakulia. Alikuwa ameshachoka kulia.

"Utumbo umetoboka," Dokta alisema. Homa ya matumbo ikikaa sana hufanya hivyo, na uchafu unamwagikia ndani. "Apasuliwe sasa hivi. Nani anatoa ruhusa?"

Baba yake alikuwa amekwenda na ng'ombe kutafuta majani, hakuna aliyejua pori gani. Aliyekuja ni babu, mzee mrefu mwenye shuka begani, amebeba kigoda chake mwenyewe kwapani. Alisikiliza yote, akatazama ile karatasi ya ruhusa.

"Dole gumba nitaweka," alisema. "Lakini sitakaa nje. Mtoto huyu ni mimi."

Apolonia akasema wanaume hawalali wodi ya watoto, wanakuja saa za kuona wagonjwa kama watu wengine. Mzee akasema basi dole gumba analo na ataondoka nalo. Dokta Mapunda alikuwa ameshaanza kufungua vifungo vya koti. Akasema mpeni mzee nafasi yake, muda unakwenda. Hivyo ndivyo kigoda kilivyowekwa miguuni mwa kitanda, na hakikutoka hapo.

Mtoto huyu ni mimi: hakuwa anaongea kwa mafumbo. Mzee aliitwa Nkwabi, na mtoto alipewa jina lake. Mama wa mtoto, Kabula, alikuwa mwanamke kijana, mkwe wa mzee, mwenye Kiswahili cha kuhesabika. Kwa heshima yao, mkwe hatamki jina la baba mkwe wake. Kwa hiyo mwanawe mwenyewe alimwita Baba, na kumhudumia alimhudumia kama baba, akipiga goti kumvika shati. Hakumtazama mzee usoni. Hakula mbele yake. Mchana alikwenda kule nyuma wanakopikia ndugu wa wagonjwa, akapika, akampelekea mzee chakula kwa mkono wa mama mwingine, kisha naye akala hukohuko na kuosha vyombo, ndipo akarudi. Hayo sikuyashangaa. Sisi Wabende tuna ya kwetu kwa wakwe, na mama yangu angenifukuza nyumbani kama ningetafuna mbele ya baba mkwe wangu.

Mtoto alitoka thieta hai, na hilo lenyewe lilitushangaza. Siku za mwanzo zilikwenda kama nilivyofundishwa: amevimba, chupa ya kijani, kimya tumboni. Halafu mambo yakaanza kugongana. Asubuhi moja nilisikia ngurumo tumboni, nikafurahi. Jioni chupa ikajaa kijani tena. Kesho yake futi ikapungua kidogo, halafu ikakaa palepale, haipandi wala haishuki. Tumbo si gumu, si laini. Homa imekwenda, lakini mtoto hainuki. Midomo ilimpasuka, akawa anaomba maji kwa sauti ya chini, kwa adabu, na mimi ndiye niliyekuwa nikimwambia bado. Mbavu zilianza kuonekana, kisha mifupa ya uso.

Na kila asubuhi, raundi ikifika, Sista Apolonia alisimama pembeni ya kitanda na kuuliza kwa ile sauti yake: "Mama, Nkwabi amejamba?"

Kabula alitazama sakafu, akatikisa kichwa. Mzee kwenye kigoda alitazama ukuta. Dokta aliandika, tukahamia kitanda kingine.

Mara moja nilipita mchana kuchukua beseni, nikamkuta mzee ameinama sikioni mwa mtoto anamnong'oneza. Niliposimama akanieleza kwa Kiswahili bila kuona aibu. "Namwambia akifa yeye, mke wangu nitabaki naye peke yangu, na yule bibi mkali mimi simwezi. Tulikubaliana tutasaidiana." Mtoto alikuwa amefumba macho lakini mdomo ulicheza. Kwetu pia babu na mjukuu ni watani, wanaitana waume wenza, hakuna cha kuoneana haya. Nilichukua beseni langu nikaenda.

Siku zikapita, na mimi nikawa silali vizuri nyumbani. Nilimwuliza Dokta Mapunda kwa nini tumbo linanguruma kama limefunguka na upepo hautoki. Alivua miwani akaifuta kwa pindo la koti.

"Sielewi, Sista Filomena. Kama utumbo umeamka, angeshajamba. Kama haujaamka, kinachonguruma ni nini? Labda umejikunja. Labda umegandana ndani. Siwezi kumwona ndani mpaka nimfungue tena."

"Ataweza kuvumilia?"

Alirudisha miwani usoni. Kumpeleka Tabora kwa treni tulishalizungumza tukaliacha, asingefika Kaliua. Kumfungua tena mtoto aliyebaki mifupa, kwa dawa za usingizi tulizokuwa nazo, kila mmoja wetu alijua maana yake. Na kumwacha hivyo bila kula ilikuwa kumzika taratibu. Niliogopa, nawaambia kweli.

Ikafika asubuhi ambayo Dokta alisema basi. Vyombo vya thieta vikawekwa kwenye sufuria la mvuke la kuulia vijidudu, lile lililochemshwa kwa jiko la mafuta ya taa na kuchukua nusu ya siku kuwa tayari. Kabula alitazama sakafu kama kawaida, akatikisa kichwa kama kawaida, na Dokta akachuchumaa mbele ya kigoda cha mzee ili waonane usawa.

"Mzee, inabidi tumpasue mtoto tena. Naomba dole gumba lako."

"Kwa nini? Kisu cha kwanza hakikutosha?"

"Utumbo umefunga. Tangu tumpasue hajatoa upepo hata mara moja. Ungekuwa umefunguka angejamba, na sisi tungempa chakula. Ndicho tunachosubiri siku zote hizi."

Mzee alimtazama Dokta, akamtazama Apolonia, akanitazama mimi.

"Hilo swali mnalomwuliza mkwe wangu kila asubuhi, mbele yangu, kwa jina langu. Sababu yake ni hiyo?"

"Ndiyo, mzee."

"Mimi nilidhani watu wa mjini hamna adabu tu. Nikasema nivumilie, wanamtibu mjukuu." Akageuka kidogo, mgongo ukawa upande wa Kabula. "Kajamba. Anajamba kila siku. Mchana."

Kabula alishavuta khanga ikafunika uso wote. Dokta akanitupia jicho, nami nililielewa. Sote tulishaona ndugu wa mgonjwa wanaoweza kusema lolote ili kisu kisipite. Nilimshika Kabula mkono nikatoka naye barazani, nikamwuliza polepole, nikichanganya Kiswahili na Kisukuma changu cha sokoni, kama amewahi kusikia. Nilimweleza kwamba akisema ndiyo, mtoto hapasuliwi.

"Mimi sijasikia, Sista."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja." Machozi yalikuwa yanamtoka. "Msimpasue. Lakini sijasikia."

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa kabisa. Wote wawili walitaka kitu kilekile, na mmoja alisema ndiyo na mwingine hapana. Kama Kabula angekuwa anadanganya kumwokoa mtoto, angesema ndiyo. Kama anasema kweli, mzee amedanganya. Na mzee hakuwa na sura ya mwongo, ila mimi ni nani wa kusoma sura ya mzee aliyekuja kumzika au kumrudisha mjukuu mwenye jina lake? Nilirudi ndani nikamweleza Dokta. Alisimama katikati ya vitanda ameshika kiuno.

"Sasa nimwamini nani? Nikimlisha na utumbo umefunga, namwua. Nikimpasua na utumbo uko wazi, namwua vilevile."

Mzee akajibu, ingawa hakuulizwa yeye. Alionekana kuchoshwa na sisi.

"Huyu mtoto kalelewa. Mbele ya mama yake hawezi, anajua yeye anaitwa nani pale nyumbani. Mbele yenu nyie wanawake wa watu na kofia zenu nyeupe, ndiyo kabisa, anabana. Mama yake akienda kula tunabaki wawili. Mimi na yeye hatuna aibu." Akakiweka kigoda vizuri. "Mwambieni akale. Na nyie mtoke."

Sasa hebu fikirini, mtoto wa miaka sita, mshono tumboni, anabana kwa heshima. Nami nilikuwa namwinamia kila siku nikimpima kwa futi, nikijiuliza mbona anakaza misuli hivi.

Kabula aliambiwa akale, akaenda, hana njaa wala nini. Wale mama wengine nao tukawatoa na watoto wao wanaotembea. Mzee akabaki kwenye kigoda. Sisi tulizunguka nje, tukachuchumaa chini ya dirisha kwenye mchanga, kando ya madumu ya maji: Dokta Mapunda na viatu vyake vya mpira vya thieta, Sista Apolonia na magoti yake mabovu, na mimi. Mtu mmoja akapita na baiskeli akatusalimia, Apolonia akampungia mkono aende zake. Wingu lilikuwa limejikusanya upande wa Magamba, la kwanza mwaka ule, na wakati watu wote wa wilaya wakiomba mvua, mimi nilikuwa namwomba Mungu isinyeshe kwanza juu ya bati zile.

Ndani mzee alianza kuongea kwa Kisukuma, chinichini. Sikuelewa neno. Alinyamaza. Sauti ya mtoto ikajibu kitu, nyembamba kabisa. Kimya tena. Kijana wa thieta akaja kutuambia vyombo viko tayari, Dokta akamwinulia kiganja asimame hapohapo. Tulisubiri mpaka miguu yangu ikafa ganzi. Nilianza kusema moyoni kwamba mzee ametudanganya, maskini, kwa upendo, na sasa itabidi tuingie tumchukue mtoto.

Halafu ikasikika. Fupi, kavu, bila kosa. Sihitaji kuieleza zaidi, nyie ni wauguzi.

Mzee akasema kwa sauti ya mtu aliyeshtuka, na maneno haya hata mimi niliyapata: anauliza ng'ombe wa nani huyo. Mtoto akacheka. Kicheko kidogo, kikakatika kwa sababu mshono ulimwuma, akalalamika, kisha akacheka tena. Na kabla hajamaliza ikasikika ya pili.

Dokta Mapunda alivua kofia ya thieta akajifunika nayo uso, akabaki amechuchumaa vivyo hivyo. Mimi nililia, sikujificha. Sista Apolonia alikuwa wa kwanza kuinuka, akishikilia ukuta, akapangusa mchanga kwenye gauni.

"Haya," alisema. "Kijiko kimoja kimoja."

Tulimpa maji yenye sukari na chumvi siku ileile, mvua ikipiga bati mpaka hatusikilizani. Jioni akavimba tena kidogo, halafu asubuhi tumbo lilishashuka. Tukampa uji mwepesi, akautapika. Tukampa tena, ukabaki tumboni. Maziwa aliyoyazoea nyumbani yalimharisha, uji wa ulezi haukumharisha, na kwa nini kijani kilikuwa kinarudi siku zile ambazo tumbo lilikuwa wazi, mpaka leo ninapostaafu sijapata mtu wa kunieleza nikaridhika. Nimeuliza madaktari waliokuja baadaye na vitabu vizito. Kila mmoja ana maelezo yake, na hayafanani.

Mnaonijua mtauliza kama tuliacha kuuliza lile swali. Hatukuacha, maana bado ndilo swali lenyewe, hata leo na vipimo vyenu vyote. Lakini kesho yake asubuhi, raundi ilipokaribia kitanda cha Nkwabi, Apolonia hajafungua mdomo, mzee alikohoa. Akainuka, akakibeba kigoda chake kwapani, akapita katikati yetu bila kumtazama mtu, akatoka mpaka barazani, akakaa huko ametupa mgongo mlangoni. Yule mzee aliyesema hatakaa nje.

Kabula alimfuata kwa macho mpaka akahakikisha amekaa. Mtoto alivuta shuka, akajifunika hadi utosini.

"Mama," Apolonia aliuliza, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue aliuliza kwa sauti ndogo, "Baba amejamba?"

Kabula aliinua uso, akatutazama mmoja mmoja. "Ndiyo, Sista," alisema. "Sana."